Hewa Mbili za Baba

Kila ninapopanda ndege, kabla hata sijaketi, ile harufu ya mafuta inayoingia mlangoni hunivuruga. Wapo wanaoipenda, wanasema ndiyo harufu ya safari. Mimi huniamshia hasira ya zamani. Na safari hii, kutoka Mombasa kwenda Nairobi, harufu haikuja peke yake. Bwana mmoja wa kiti cha jirani alikuwa na bintiye mdogo dirishani, na mtoto alipouliza ni kitu gani kinachoishika ndege huko juu, yule bwana alijinyoosha, akakunja kiganja kama mgongo wa kobe, akaanza. Hewa, mwanangu, ikifika kwenye bawa inagawanyika. Ya juu ina njia ndefu, maana bawa lina mgongo. Ya chini ina njia fupi. Na kwa kuwa lazima zikutane huku nyuma kwa wakati mmoja, basi ile ya juu inakimbia.

Nikafumba macho. Nilitamani kumwambia, kwa adabu zote, kwamba si lazima zikutane. Hakuna aliyezilazimisha. Sikusema. Utamwambiaje mtu usiyemjua kwamba maneno hayo aliyoyatoa kwa dakika moja, kabla hata ya kufunga mkanda, yaliwahi kukaa nyumbani kwenu kama mgeni asiyejua kuaga?

Ninyi wa umri wangu mliotoka Kismayu mkiwa wadogo mnajua kila mmoja wetu ana neno lake moja la wakati ule ambalo akilisikia leo damu inamchemka. Kwa wengine ni jina la mtu, kwa wengine ni jina la barabara. Langu ni hilo la hewa kukutana.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari pale mjini. Alizaliwa kisiwani Chovai, akasomea bara, akarudi na ugonjwa wa kueleza. Sina jina jingine la kuupa. Ukimwomba chumvi, alikupa chumvi na sababu ya bahari kuwa na chumvi. Mama akipepea mkaa, Baba alisimama nyuma yake akamfafanulia kwa nini unawaka, na Mama, macho yamejaa moshi, alimjibu kwamba ungewaka upesi zaidi kama mwelezaji angeshika kipepeo. Bibi yangu, mamake Mama, tuliyekuwa tukiishi naye, alitikisa kichwa na kusema kwa Kibajuni chetu, "Mchu huyu atafundisha hata maji kuchemka." Mchu ndiye mtu, hata leo nikighadhibika neno hilo ndilo linalonitoka kwanza.

Vita vilipoanza kutusogelea, ndege zilitangulia. Nyingine zilipita juu sana, nyingine zilipita chini mpaka kuku wakakimbilia ndani. Wenzangu waliziogopa. Mimi nilikerwa tu kwamba kitu kizito kama lori kimekaa hewani na hakuna mtu mzima anayeona ajabu. Nikafanya kosa la kumuuliza Baba.

Alifurahi kana kwamba nimempa zawadi. Alichukua kipande cha mkaa jikoni, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ua ambao Mama alikuwa ameupaka chokaa kwa ajili ya Idi, akachora bawa: mbele mviringo, nyuma limechongoka, juu lina mgongo, chini limenyooka. Kisha akachora watu wawili wadogo wameshikana mikono mbele ya bawa.

"Hizi ni hewa mbili," akasema. "Huyu ni kaka yako Shee, na huyu ni wewe, Esha. Mnatembea pamoja. Mnafika kwenye bawa, mnaachana. Shee anapita juu, njia ndefu. Wewe unapita chini, njia fupi. Huku nyuma lazima mkutane. Basi Shee afanyeje?"

"Akimbie."

"Vizuri. Na hewa inayokimbia haigandamizi sana. Ya chini imetulia, inagandamiza zaidi. Basi bawa linasukumwa kwenda juu." Akararua ukanda wa karatasi, akauweka chini ya mdomo, akapuliza juu yake, ile karatasi iliyokuwa imelala ikainuka. Ilikuwa kama uchawi, nami niliamini kila kitu kwa sababu ya karatasi ile. Jambo moja tu lilinikwama.

"Kwa nini lazima wakutane?"

Baba alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini mbili na mbili ni nne. "Kwa sababu waliondoka pamoja."

"Na ukuta wangu?" Mama akauliza kutoka mlangoni. "Nao umeondoka pamoja na nani?"

Sikuendelea kuuliza. Nilikuwa mtoto, na jibu la Baba lilikuwa zuri mno kulivuruga. Nililichukua kuwa ni kanuni ya dunia: walioondoka pamoja wakiachana njiani, lazima wakutane upande wa pili, na mwenye njia ndefu atakimbia mpaka afike. Kisha nikaongeza la kwangu, ambalo Baba hakulisema wala sikumuuliza. Nilijiambia kwamba siku hewa hizo mbili zikikosana, ndege itaanguka. Kwa hiyo kila ndege iliyopita salama ilikuwa ushahidi kwamba huko juu kila mtu amekutana na mwenziwe.

Mizinga ilipofika mjini, mtaa wetu ulihama kwa asubuhi moja. Palikuwa na boti moja ya injini iliyokuwa ikienda kisiwa cha Kudhaa, na mwenyewe alikataa wanaume. Alichukua wanawake, wazee na watoto. Shee alikuwa mrefu kuliko umri wake. Yule mwenye boti alimtazama, akasema huyo ni mwanamume. Mama alibisha mpaka sauti ikamkauka. Baba akamshika mkono, akamwambia kuna lori la wanunuzi wa samaki linalokwenda kusini kwa njia ya pwani. Yeye na Shee watalipanda, wavuke kwa mtumbwi, tukutane Kudhaa kwa binamu yake Mama.

Mimi nilikuwa nalia. Baba alichuchumaa mbele yangu pale mchangani, watu wakitupiga vikumbo na mafurushi, akaanza kueleza.

"Esha, unakumbuka ukutani? Sisi ni zile hewa mbili. Ninyi mna njia fupi, sisi tuna njia ndefu. Basi sisi tutakimbia."

"Na lazima tukutane?"

"Lazima."

"Sema inshallah," Bibi akamwambia.

"Inshallah," Baba akasema, upesi upesi, kama mtu anayefunga mlango ili aendelee na mazungumzo. Kisha akamwambia Mama, "Msitoke Kudhaa mpaka tufike. Nakuahidi tutafika. Msitoke."

Nikaacha kulia. Nilipanda boti kana kwamba naenda kutembelea jamaa.

Kule Kudhaa nilikuwa mtoto wa kuudhi kupita kiasi, nalijua hilo kwa sababu Mama alikuwa akiniambia kila siku. Watu walikuwa wamejaa kila nyumba, maji ya kisima yalikuwa ya mgawo, kila mtu ana sura ya msiba, na mimi natamba. Watoto wenzangu wakiwalilia baba zao, mimi niliwachorea bawa mchangani. Ndege ikionekana mbali huko mawinguni, nilimwita Mama nje aione. "Haijaanguka," nilimwambia. "Wako njiani."

"Esha, niache," Mama alisema.

Bibi alianza kwa homa, kisha tumbo. Binamu wa Mama alimchemshia alichokuwa nacho, lakini dawa hasa haikuwako kisiwani, na sote tulijua iko Mombasa. Mashua moja kubwa ilikuwa inaondoka kwenda huko, na nahodha alikuwa tayari kutuchukua sote watatu. Nakumbuka Mama amesimama baina ya mlango na kitanda, ameshika ushungi wake kwa mikono miwili.

"Twende, mwanangu," Bibi alimwambia kutoka kitandani. "Mumeo atatukuta mbele."

"Amesema nisitoke," Mama akajibu. "Ameahidi. Akija hapa na mtoto asitukute, atakwenda wapi? Atarudi nyuma kututafuta."

"Mchu husema mengi pwani boti ikiondoka."

Mama alitafakari muda mrefu. Mwishowe alitoka akamwambia nahodha aende. Hakufanya hivyo kwa sababu yangu. Mimi nilikuwa uani nachora. Alifanya kwa sababu mumewe, mtu aliyejua sababu ya kila kitu, alikuwa amesema lazima.

Mashua ikaondoka. Wiki hiyo wenye bunduki walikuja kisiwani, wakachukua injini za boti zote, mchele na nyavu. Baada ya hapo hapakuwa na safari ya haraka kwenda kokote. Bibi akafa asubuhi, akiwa anamwomba Mama amsogezee mto. Tukamzika pale Kudhaa, mbali na Chovai alikozaliwa, mbali na kaburi la mumewe. Mama hakulia mbele yangu. Alikunja nguo za Bibi, akaniita, akasema, "Tunaondoka."

"Na Baba?"

"Baba yako hajui kila kitu."

Lilikuwa jambo la ajabu kuliko yote niliyoyasikia tangu vita vianze. Nilijibwaga chini, nikashika nguzo ya mlango, nikapiga kelele kwamba tukiondoka hawatatukuta na ndege zitaanguka. Mama hakujua ndege zinahusika vipi, wala hakuuliza. Alinibandua kwenye nguzo akanibeba kama gunia mpaka kwenye mashua ya matanga, na nilipomng'ata bega hakunipiga. Alisema tu, "Ng'ata ukimaliza unyamaze."

Mombasa tulipewa nafasi katika kambi iliyokuwa pembezoni mwa mji, na kama kwa kunikejeli, ilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege zinazoshuka uwanjani. Zilipita juu ya mahema chini mno hata ukaona magurudumu. Siku za mwanzo nilitoka mbio kila iliposikika moja. Hakuna iliyoanguka. Nikaanza kuchanganyikiwa.

Kisha, tulipokuwa tumeshajenga kibanda na Mama ameshaacha kutazama kila mgeni aingiaye langoni, Baba na Shee wakaja. Waliingia wakiwa wamekonda, Shee anachechemea kwa kidonda cha mguu. Dereva wa lori alikuwa amekataa kufika upande unaoelekea Kudhaa kwa kuhofia wenye bunduki, akawashusha kabla. Wakapata mtumbwi wa kuwavusha mpaka Darakasi, na pale wakakwama, maana injini za huko nazo zilikuwa zimeibwa. Wakangoja chombo cha kuwafikisha kwetu, kama sisi tulivyowangojea wao, mpaka waliposikia tumeshakwenda Mombasa. Visiwa hivyo viwili, bahari ikiwa shwari na injini ikiwa nzima, ni safari ya asubuhi moja tu.

Mama alimkumbatia Shee akamkagua kidole kwa kidole. Baba alisimama, machozi yanamtiririka ndevuni, akatabasamu, akasema, "Niliwaambia tutakutana."

Mimi mtoto nilijua hapo hapo kwamba hilo halikuwa neno la kusemwa. Mama alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Muulize baba yako," akasema, "mama yangu yuko wapi."

Tangu hapo hakuzungumza naye. Alimpikia, alimfulia, hakumnyima haki yake hata moja, ila neno. Kila kitu kilipitia kwangu. "Esha, mwambie baba yako chai tayari." "Esha, mwambie baba yako kuna foleni ya unga." Baba ameketi hatua chache kutoka hapo, amesikia kila kitu, na bado ananingojea mimi nikamwambie. Na yeye badala ya kuomba radhi alinituma na maelezo: mwambie mama yako barabara ilikuwa hivi, dereva alisema vile, kwa hesabu yoyote tungefika. Nilichoka. Hakuna kazi inayochosha kama kuwa mdomo wa watu wawili wanaosikiana.

Baba alipoona watoto wa kambi wanazurura, alianzisha darasa kwenye uwanda nyuma ya bomba la maji, karibu na walikokuwa wakifulia kina mama. Ndege zikipita, watoto wakauliza wanalouliza watoto wote duniani. Baba akachukua kijiti, akachora mchangani. Mbele mviringo, nyuma limechongoka. Hewa mbili zimeshikana mikono.

"Huku nyuma," Baba akasema, "lazima zikutane."

"Kwa nini lazima?" nikauliza.

"Esha, hilo nilishakueleza."

"Ulisema kwa sababu ziliondoka pamoja. Sisi tuliondoka pamoja. Hatukukutana Kudhaa. Mbona ndege hazikuanguka?"

Watoto wakacheka. Baba hakucheka. Kule kwenye mabeseni, mkono wa Mama uliacha kusugua.

"Watu ni jambo jingine na hewa ni jambo jingine," Baba akasema, kwa ukali kidogo.

Shee alikuwa na tiara aliyoitengeneza kwa karatasi ya saruji na vijiti vya makuti, na sisi sote tulikuwa tumeirusha jana yake. Nikaichukua nikampa Baba. "Hii haina mgongo," nikasema. "Juu na chini ni sawasawa. Hakuna njia ndefu. Na inaruka."

Baba aliigeuza ile tiara. Akaitazama juu, akaitazama chini, akapitisha kidole pembezoni. Alikaa nayo muda mrefu hata watoto wakaanza kutupiana mchanga. Nilimngojea aanze kueleza. Nilikuwa nimeshajikaza kwa hilo.

"Sijui," akasema.

Sikuwahi kulisikia neno hilo kwake. Alilisema tena, polepole, si kwa watoto bali akiwa ameelekea mabeseni. "Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo. Kwa nini lazima zikutane, mimi sijui. Sikuwahi kujua."

Mama aliendelea kusugua nguo. Hakugeuka.

Mngedhani mtu akishasema sijui atapumzika. Baba yangu hakupumzika, na wala sisi hatukupumzika. Aliazima bati la jirani. Siku za upepo alimsimamisha Shee analishika juu ya kichwa, mara limelala sawasawa na upepo, mara upande wa mbele umeinuliwa kidogo. Likilala sawasawa halikufanya kitu. Likiinuliwa mbele kidogo lilimvuta Shee juu mpaka akasimama kwa vidole vya miguu. Likiinuliwa mno lilitikisika vibaya na kumsukuma nyuma badala ya kumwinua. Baba alizunguka akiuliza kila mtu, mpaka waliopanga foleni ya maji wakawa wanamkwepa: upepo huu ukitoka hapa kwenye bati unakwenda wapi?

Ndipo akafikiria jivu. Alichota jivu la jiko letu, akaja na karai zima, akamwambia Shee ashike bati, nami nikaambiwa nilitupe jivu kidogo kidogo mbele yake, juu na chini. Na kweli, likaonekana. Jivu lililopita chini lilipigwa na bati likageuzwa kuelekea ardhini. Na lile la juu, ambalo sikulitarajia, halikwenda moja kwa moja. Liliufuata upande wa juu wa bati nalo likainama nyuma yake kwenda chini. Yote mawili yalitupwa chini. Lile la juu lilipita upesi, likatangulia. Halikungoja mwenziwe hata kidogo.

"Unaona!" Baba akapiga kelele. "Bawa linatupa hewa chini, na hewa inalirudishia, inalisukuma juu! Kukutana hakuna! Lete zaidi!"

Nikalitupa lote. Upepo ukaja wa nguvu, Shee akayumba, na wingu zima la jivu likageuzwa na bati, likashuka kule chini kama lilivyofundishwa, likatua juu ya kamba ya nguo za Mama.

Zilikuwapo kanzu nyeupe ya Baba, shuka, na kanga mbili za Bibi, zote zimefuliwa kwa maji ya kupanga foleni tangu alfajiri.

Mama alisimama kando ya beseni lake. Nilimngojea aniite, nikamwambie baba yangu. Hakuniita.

"Baba Shee," akasema. "Jivu lako limeingia kwenye nguo zangu."

Sisi watatu tuliganda. Shee hakuthubutu hata kushusha bati.

"Naona," Baba akasema.

"Kanga hizo ni za mama yangu. Nilizileta kutoka Kudhaa. Alizivaa akiniambia tuondoke, nami nikakataa, kwa sababu wewe ulichuchumaa pwani ukasema lazima. Kama ungesema pengine, ningeondoka naye. Kama ungesema sijui, Baba Shee, kama ulivyowaambia watoto wa watu hapa, ningepanda ile mashua. Neno dogo hilo. Ulilificha wapi?"

Baba alifungua mdomo. Nikaomba kimoyomoyo asieleze. Asitaje dereva, asitaje Darakasi, asitaje upepo.

"Nilikuogopea," akasema. "Niliogopa ukiniona sijui, hutapanda boti."

"Nisingepanda," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Ningebaki nawe na mwanangu."

"Ndiyo. Najua."

Shee akaweka bati chini, na hakuna aliyemkemea. Kisha Baba alikwenda kwenye kamba. Alianua zile kanga mbili kwanza, akazikung'uta mbali na watu, akazipeleka kwenye beseni, akakunja mikono ya shati na kuchuchumaa. Alikuwa hajawahi kufua maishani mwake. Aliisugua kanga kama anayefuta ubao.

Mama alimtazama kwa muda, uso wake umejaa kero, ile kero ya zamani ya nyumbani kwetu ambayo sikuwa nimeiona tangu tuhame.

"Sivyo hivyo," akasema. "Utazichana."

Akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akachukua pindo moja, akaishika mikono ya Baba akaiweka panapostahili, na Baba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaonyeshwa.